Sloti Tupu: Historia ya Kuongeza RAM

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani ya ofisini, karibu na prosesa utaona sloti ndefu nyembamba, mbili au nne, kila moja ikiwa na klipu mwishoni. Mara nyingi mojawapo haina kitu. Fundi hutegua klipu, huisimamisha kadi ya RAM, yaani memori ya kompyuta, ili pengo dogo lililo kwenye ukingo wake likutane na kigingi kilicho ndani ya sloti, kisha huisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka klipu zijifunge zenyewe kwa mlio mkavu. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji kifaa zaidi ya bisibisi iliyofungua kasha. Wepesi huu umewafanya wengi waamini kwamba kompyuta, kwa maumbile yake, ni kitu kinachoongezeka. Historia haiungi mkono imani hiyo. Nafasi ile tupu iliwekwa na watu kwa sababu za kibiashara, ikaondolewa, ikarudishwa, ikagombewa mahakamani, na sasa inaondolewa tena. Ninachodai katika makala haya ni kwamba sloti ya RAM ni makubaliano kuhusu nani ana mamlaka juu ya mashine baada ya kuuzwa, na kwamba wanaofaidika zaidi na makubaliano hayo ni watu ambao hawakuwapo yalipofanywa: wanunuzi wa pili na wa tatu, wakiwemo wengi wetu wa Afrika Mashariki.

Memori ya kompyuta za mwanzo haikuwa bidhaa ya dukani. Kuanzia miaka ya 1950 mashine kubwa zilihifadhi data kwenye pete ndogo za sumaku zilizotungwa kwenye nyaya nyembamba. Mradi wa Whirlwind wa chuo cha MIT, Marekani, ulianza kuzitumia mwaka 1953, na kwa muda mrefu kazi ya kuzitunga ilifanywa kwa mikono, hasa na wanawake. Pete moja ilibeba biti moja. Aliyetaka nyongeza alimwita mtengenezaji, naye akaja na wahandisi wake na bei yake. Mabadiliko makubwa yalianzia kwa Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968 kwa seli ya memori yenye transista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo huvuja chaji, kwa hiyo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde, na ndiyo sababu RAM husahau kila kitu umeme ukikatika. Mwaka 1970 Intel ikatoa chipu ya 1103 yenye biti 1,024, na bei ya kuhifadhi biti moja ikaanza kuporomoka. Katika miaka hiyohiyo makampuni mengine yaliona mwanya, yakaanza kuuza memori za ziada za kuunganishwa na kompyuta za IBM kwa bei ya chini kuliko ya IBM yenyewe. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba aliyeuza mashine si lazima awe yuleyule anayeuza memori yake.

Jambo hilo liliingia majumbani na Altair 8800, kompyuta ya kuunda mwenyewe iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Ilikuja na baiti 256, ambazo hazitoshi kuhifadhi aya hii. Kadi ya kilobaiti 4 iliyouzwa na MITS, kampuni iliyotengeneza Altair, ilijulikana kwa usumbufu wake, na kampuni ndogo ya Processor Technology ikajipatia soko kwa kuuza kadi iliyofanya kazi. Miaka miwili baadaye Steve Wozniak aliipa Apple II safu tatu za soketi nane nane, ili mnunuzi aanze na kilobaiti 4 na kufika 48 kadiri mfuko ulivyoruhusu. Bei zake zinaeleza sababu: mashine yenye kilobaiti 4 iliuzwa dola 1,298, na yenye kilobaiti 48 dola 2,638. Tofauti ya memori peke yake ilizidi bei ya kompyuta nzima. Katika hali hiyo soketi tupu ilikuwa njia ya mtengenezaji kumpata mteja ambaye hangeweza kulipa vyote kwa mkupuo. Ni mantiki anayoijua kila mtu anayejenga nyumba yake kidogo kidogo, anayeweka msingi mwaka huu na kuezeka miaka mitatu baadaye. Msingi unapaswa kujua kwamba ghorofa itakuja.

IBM iliifuata mantiki hiyo ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981. Bodi kuu ya kwanza ilikuwa na safu nne za chipu tisa tisa, nane za data na ya tisa ya kukagua makosa. Safu ya kwanza ililehemewa kiwandani na tatu zilizobaki zilikuwa soketi. Mwenye mashine ya kilobaiti 16 aliweza kufika 64 kwa mikono yake, kisha akabadilisha vijiswichi vidogo vilivyo juu ya bodi ili kuiarifu kompyuta kwamba imeongezewa. Kazi ilikuwa na adha yake. Miguu kumi na sita ya kila chipu ilikuwa laini, na mmoja ukikunjwa chini ya tumbo la chipu, skrini ilionyesha namba 201, alama ya IBM ya hitilafu ya memori, na mwenye nayo akaanza kumsaka mkosaji kati ya chipu thelathini na sita. Lakini adha hiyo haikuwazuia watu, kwa sababu programu mpya, hasa lahajedwali ya Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, zilimeza memori bila huruma. Kampuni ya AST Research ya California, iliyoanzishwa na wahamiaji watatu, Safi Qureshey kutoka Pakistani pamoja na Albert Wong na Thomas Yuen kutoka Hong Kong, ilikua haraka kwa kuuza kadi iliyoongeza kilobaiti hadi 384 pamoja na saa na milango ya kuunganisha printa. Watu watatu wasio na kiwanda cha chipu walijenga kampuni kubwa ndani ya nafasi iliyoachwa wazi na IBM.

Anayedhani kwamba uwazi huo haukuepukika aitazame Macintosh. Apple iliitoa Januari 1984 ikiwa na kilobaiti 128, chipu kumi na sita zilizolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, bila sloti yoyote ya upanuzi, ndani ya kasha lililofungwa kwa skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haikuzifikia. Ulikuwa msimamo wa Steve Jobs: kompyuta iwe kifaa kilichokamilika, kisichohitaji kufunguliwa. Memori hiyo ilikuwa ndogo mno kwa mashine yenye picha na maandishi ya kila umbo, na aliyekuwa na kiendeshi kimoja cha diski alilazimika kuzitoa na kuziingiza diski mara kwa mara ili kunakili faili moja. Hata hivyo Burrell Smith, aliyesanifu bodi, alikuwa ameacha njia ya kuingiza chipu zenye ukubwa mara nne. Wamiliki waligundua. Mapema mwaka 1985 jarida la Dr. Dobb's Journal lilichapisha maelekezo ya kuzing'oa chipu zote kumi na sita na kulehemu mpya ili kufikia kilobaiti 512. Watu walishika pasi ya kulehemu juu ya mashine iliyowagharimu karibu dola 2,500, wakijua kwamba kosa moja lingeiua. Januari 1986 Apple ilitoa Macintosh Plus ikiwa na sloti nne za RAM, yenye megabaiti 1 na uwezo wa kufika 4. Katika muda wa miaka miwili kampuni iliyokuwa na hoja kali kuliko zote za kufunga mashine yake ilikuwa imeifungua. Hakuna ushahidi mwingine unaonishawishi zaidi ya huu kwamba sloti ilipatikana kwa shinikizo. Uhandisi uliruhusu njia zote mbili; wateja ndio walioamua ipi ishinde.

Sloti za Macintosh Plus zilipokea kitu kipya kilichotoka mahali pasipotarajiwa. Wang Laboratories ya Massachusetts ilianzishwa na An Wang, Mchina mzaliwa wa Shanghai ambaye alikuwa miongoni mwa wavumbuzi wa zile memori za pete. Mwaka 1983 mhandisi wa kampuni hiyo, James Clayton, aliziweka chipu tisa kwenye kipande kimoja cha bodi chenye pini 30 ukingoni, kiasi cha urefu wa kidole, ili zichomekwe kwa pamoja. Kadi hiyo, SIMM, iliondoa ile hofu ya miguu iliyopinda, na sasa mtu asiye fundi aliweza kuongeza memori bila kugusa chipu hata moja. Ilipopitishwa kuwa kiwango na JEDEC, chombo cha pamoja cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, ikaenea kila mahali. Wang ilipoanza kudorora ikarudi kudai hataza zake mahakamani, na dhidi ya Toshiba na NEC ilishinda. Ila dhidi ya Mitsubishi, mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1997 iliamua kwamba Wang yenyewe ilikuwa imeihimiza kampuni hiyo itengeneze SIMM, ikaipa michoro na kununua bidhaa zake, hivyo ilikuwa imeipa ruhusa kwa vitendo. Uamuzi huo una uzito katika hoja hii. Wang ilihitaji wauzaji wengi wa SIMM ili bei ishuke, na kwa kuwahitaji ilikuwa imekwisha kuigawa mali yake. Kiwango hakina faida kikiwa cha mtu mmoja.

Baada ya hapo vizazi vilifuatana: SIMM za pini 72, kisha DIMM za pini 168 katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, halafu DDR, DDR2, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014 na DDR5 baada ya mwaka 2020. Enzi ya prosesa za 486 ilibidi kuchomeka SIMM za pini 30 nne nne kwa wakati mmoja, na Pentium ilitaka za pini 72 mbili mbili. Kwa Pentium, DIMM ndiyo iliyoleta uhuru wa kuongeza moja peke yake. Mkosoaji atauliza hapa: ni makubaliano gani haya ikiwa kila miaka michache kadi ya zamani haiingii kwenye mashine mpya? Swali ni la haki. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini pengo la ukingoni limesogezwa makusudi ili zisichanganywe, na RAM nzuri ya juzi hubaki haina mahali pa kukaa. Jibu ni kwamba pengo lile humlinda mwenye mashine, kwani umeme umekuwa ukipunguzwa kutoka volti 3.3 za SDRAM, memori ya zile DIMM za pini 168, hadi 1.1 za DDR5, na kadi iliyopata volti isiyo yake huweza kuungua. Muhimu zaidi, mabadiliko hutangazwa kwa wote kwa wakati mmoja, na ndani ya kizazi kimoja kadi ya Korea Kusini huingia kwenye bodi ya Taiwani iliyomo ndani ya kasha la Marekani. Intel ilijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 1999 ilipoisukuma sokoni RDRAM, memori iliyosanifiwa na kumilikiwa na kampuni moja, Rambus. Ilikuwa ghali, na hata sloti tupu zilipaswa kuzibwa kwa kadi bandia ndipo mashine iwake. Wanunuzi waliikwepa, na mwaka 2001 Intel ilianza kuirudisha Pentium 4 kwenye SDRAM ya kawaida, kisha DDR.

Pingamizi zito zaidi linahusu bei. Sloti ilikuwapo wazi, na bado wanunuzi walinyonywa. Mlipuko wa Julai 1993 katika kiwanda cha Sumitomo mjini Niihama, Japani, kilichotengeneza sehemu kubwa ya gundi ya kufungia chipu duniani, ulitosha kurusha bei za RAM kila mahali. Mbaya zaidi, kati ya mwaka 1998 na 2002 watengenezaji wakubwa walikutana kwa siri kupanga bei. Nchini Marekani Infineon ilitozwa dola milioni 160, Hynix milioni 185, Samsung milioni 300 na Elpida milioni 84; mwaka 2010 Tume ya Ulaya nayo ikatoza faini za zaidi ya euro milioni 331. Ni kweli, sloti haikuzuia wizi huo, na asiyelikubali hili anaipamba historia. Kilichobaki mkononi mwa mnunuzi ni uwezo wa kusubiri. Bei za RAM zimepanda na kuporomoka kwa kishindo mara nyingi, na zilianguka vibaya mwaka 1996 mara tu baada ya pilika za Windows 95. Mwenye sloti tupu aliweza kukaa na megabaiti zake 8 mpaka upepo ugeuke, au kununua kadi iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Mwenye memori iliyolehemewa hana siku ya kusubiri. Bei ya siku ya ununuzi ndiyo bei yake ya milele.

Katika nchi zetu uwezo huo umekuwa msingi wa biashara nzima. Kompyuta zilichelewa kuwafikia watu wa kawaida. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974 isipokuwa kwa kibali maalumu, na vizuizi vililegezwa hatua kwa hatua katika miongo miwili iliyofuata. Milango ilipofunguka, mashine nyingi zilizoingia zilikuwa zimekwisha kutumika: OptiPlex za Dell, Compaq za HP, ThinkCentre za Lenovo, zilizotolewa kwa makundi katika ofisi za Ulaya na Marekani baada ya miaka mitatu au minne. Ziliondolewa kwa sababu memori yake ilionekana ndogo kwa programu mpya, na zikafufuliwa huku kwa kurekebisha jambo hilohilo. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anajua kwamba mashine tatu zilizokufa huzaa moja nzima yenye RAM ya kutosha. Anajua pia kwamba kompyuta inayolia mlio mrefu wa kurudiarudia bila kuonyesha picha mara nyingi haijafa; huichomoa kadi, husugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli mpaka yang'ae, hupuliza vumbi kwenye sloti na kuirudisha. Ujuzi huu haukuandikwa kwenye mwongozo wowote wa kiwandani. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likipokea kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni, na kazi ya namna hiyo ingekuwa ngumu mno kama kila mashine ingebaki na memori iliyozaliwa nayo.

Wapo wanaosema biashara hiyo ni njia ya kuigeuza Afrika kuwa jalala. Hoja hii haikuzuka hewani. Uganda ilitangaza katika bajeti yake ya mwaka 2009 kwamba itapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, na ukweli ni kwamba makontena mengi yaliyoandikwa msaada yalibeba mashine zisizofaa kitu. Kuchoma nyaya na bodi ili kupata shaba kunaua watu polepole. Hata hivyo tofauti kati ya kompyuta na taka hutegemea kama inaweza kutengenezwa, na sloti ni sehemu kubwa ya jibu. Kompyuta yenye RAM isiyobadilika, chipu moja ya memori ikiharibika, ni taka siku hiyohiyo. Yenye sloti hupoteza kadi moja tu. Anayetaka makontena ya takataka yapungue bandarini ana kila sababu ya kuzipigania mashine zinazofunguka, kwa kuwa mashine zilizofungwa zitafika hukuhuku zikiwa zimebakiwa na maisha mafupi zaidi.

Na zinaongezeka. MacBook Air ya mwaka 2008 ilikuwa na RAM iliyolehemewa, na kwa kompyuta mpakato nyembamba kiasi kile wengi waliona ni sawa. Mwaka 2014 hali hiyo ilifika kwenye Mac mini, kompyuta ya mezani. Novemba 2020 Apple iliweka memori kwenye kifurushi kimoja na prosesa yake ya M1, na kupanda kutoka gigabaiti 8 hadi 16 kuligharimu dola 200, zilipwe siku ya ununuzi au zisilipwe kamwe. Mac Pro ya mwaka 2019, mashine ya wataalamu, ilikuwa na sloti 12 na uwezo wa kubeba terabaiti 1.5; iliyoirithi mwaka 2023 haikuwa na sloti ya RAM hata moja na kikomo chake kilikuwa gigabaiti 192. Watetezi wa mwelekeo huu wana hoja ya kifizikia ambayo haistahili kubezwa. Mawimbi ya umeme hudhoofika na kuchafuka yanapopita kwenye viunganishi na njia ndefu. Memori ikikaa karibu na prosesa hupitisha data nyingi zaidi kwa umeme mdogo. Framework, kampuni iliyojijengea jina kwa kompyuta zinazotengenezeka, ilipotangaza kompyuta yake ya mezani Februari 2025 ilitumia memori iliyolehemewa, ikieleza kwamba prosesa ya AMD iliyoichagua haikuweza kupata kasi yake kupitia kadi za kuchomeka. Kampuni ya namna hiyo ikisema hivyo, mtu mwadilifu hana budi kusikiliza.

Nasikiliza, na bado sikubali kwamba mjadala umekwisha. Kasi hiyo inahitajika kwa kazi chache: kuchakata video nzito, kuendesha programu za akili mnemba. Mwalimu anayeandaa mtihani na karani wa halmashauri anayejaza jedwali hawana haja nayo, lakini watauziwa umbo lilelile. Isitoshe, wahandisi wenyewe wameonyesha kwamba ukaribu na uhuru vinaweza kukaa pamoja. Mwaka 2022 Dell ilileta kadi bapa ya memori inayolazwa juu ya bodi na kufungwa kwa skrubu, na Desemba 2023 JEDEC ilichapisha kiwango cha wazi kilichotokana nayo, CAMM2, chenye umbo linalobeba hata zile chipu za umeme mdogo ambazo zamani ziliwezekana kwa kulehemu tu. Intel nayo, baada ya kuweka memori ndani ya kifurushi cha prosesa zake za Lunar Lake mwaka 2024, ilitangaza kupitia mkuu wake wa wakati huo, Pat Gelsinger, kwamba haitarudia mpango huo, kwa kuwa uliiumiza faida yake. Yaliyotokea kati ya Macintosh ya 1984 na ya 1986 yanaweza kutokea tena.

Imebaki hoja moja, inayosikika sana madukani: wanunuzi wengi hawaongezi RAM kamwe, kwa nini basi walipie sloti? Hesabu hii inamtazama mnunuzi wa kwanza tu. Benki ya Uholanzi iliyonunua OptiPlex mia mbili haikuwa na sababu ya kuzifungua. Baada ya miaka minne ilileta nyingine. Anayeongeza RAM ni yule anayeipata mashine ikiwa na umri wa miaka sita, tayari imebadili bara. Huyo hayumo katika takwimu za mauzo za mtengenezaji, hajaulizwa maoni yake, na uamuzi wa kuilehemu memori hufanyika bila yeye. Kwa hiyo anayesema sloti haitumiki anasema kweli kuhusu mtu mmoja na anamfuta mwingine, na huyo aliyefutwa, kwa sehemu kubwa, ndiye msomaji wa ukurasa huu.

RAM haitibu kila kitu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zenye sloti safi na RAM ya kutosha zimekataliwa na Windows 11 kwa sababu ya prosesa zao au kukosa chipu ya usalama inayotakiwa. Kwa hizo, Linux ndiyo njia, na RAM ya kuongeza bado ina kazi. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilikuwa vikigombea chipu zilezile, na Desemba Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la RAM za kuuzia watu wa kawaida tangu mwaka 1996. Ni katika nyakati kama hizo ambapo uwezo wa kununua leo kidogo na kesho zaidi una thamani kubwa. Wanaoandika masharti ya zabuni za kompyuta za shule, halmashauri na vyuo wana kalamu mkononi: waandike kwamba kila mashine iwe na sloti mbili za RAM za kiwango cha JEDEC, na moja ibaki wazi. Anayenunua kwa fedha yake mwenyewe amwombe muuzaji afungue kasha kabla hajalipa.